Nzuri, Ila

Mzee Hizza Mgaza wa Korogwe alikufa huku akisema nzuri. Asubuhi tatu mfululizo Jirani alimwuliza habari, na asubuhi tatu mfululizo mzee akajibu kama alivyofundishwa na mama yake tangu ana meno mawili: nzuri. Asubuhi ya nne Jirani akauliza, akakosa wa kumjibu.

Hayo niliyajua kikaoni, ghorofa ya ishirini na tatu, Makao Makuu ya kampuni ya Mhimili Anga, Dodoma. Ilikuwa saa nne asubuhi, na mbele ya kila mmoja wetu kulikuwa na chupa ya maji na sambusa mbili. Tulikuwa watu kumi na tisa. Niliwahesabu kwa sababu ndiyo kazi pekee niliyokuwa nayo mle ndani. Kule nilikotoka, watu kumi na tisa ni kampuni mbili na timu kamili ya mpira.

"Tukio namba themanini na nane, Kaskazini," akasoma bwana mmoja wa Idara ya Uhakiki, tai imembana mpaka sauti inatokea puani. "Mtumiaji alithibitisha hali njema mara tatu. Mfumo ulifanya kazi kama ulivyobuniwa."

"Ana jina," nikasema.

"Samahani?"

"Huyo mtumiaji. Anaitwa Mzee Hizza."

"Jina ni taarifa binafsi," akanijibu kwa upole kabisa, akamega sambusa.

Wakatuwekea rekodi ya mwisho. Ile sauti laini ya Jirani: "Shikamoo, mzee. Habari za asubuhi?" Halafu mzee, pumzi zinakwaruza kama mtu anayesukuma kabati: "Marahaba, mwanangu. Nzuri." Kimya cha sekunde mbili. Kisha mzee akavuta hewa, akasema, "I..."

Tik. Jirani kaondoka.

"Rudisha," nikasema.

Wakarudisha. Nzuri. I. Tik.

"Mmesikia?"

"Kelele za mazingira," akasema Bwana Tai. "Mfumo umeziainisha hivyo."

"Kelele gani zinaanza na i? Mzee alikuwa anasema ila! Nzuri, *ila*!"

"Ila nini?"

Nikasimama. Kiti changu kina magurudumu, kikaenda kugonga ukuta peke yake, na nadhani hicho kiti ndicho kilichokuwa na akili kuliko wote mle ndani. "Ndiyo hivyo hatujui! Tumemkatia! Mtu anataka kutuambia anakufa, sisi tumeshaagana naye!"

Watu kumi na wanane wakaniangalia kama vile mimi ndiye niliyekufa, tena bila kujaza fomu. Mwenyekiti akaandika kitu. Baadaye niliona kumbukumbu za kikao. Ziliandikwa: *Mjumbe mmoja alitoa maoni kuhusu lugha.*

*

Kwa aliyezaliwa ndani ya pango na bado yumo: Jirani ni kisahani cheupe, ukubwa wa kiganja, kinabandikwa ukutani. Kila asubuhi kinamwamkia mgonjwa na kumjulia hali, huku kinasikiliza sauti, pumzi na mwendo wa miguu. Kikisikia kasoro kinamtuma kunguru alete dawa. Kunguru ni kile chombo cheusi kinachoruka. Jina rasmi lina maneno sita, hakuna anayelijua. Hali ikiwa mbaya, Jirani anamwita muuguzi. Nyumba laki sita zinaye.

Sisi ndio tuliomtengeneza. Siyo Mhimili Anga. Sisi, watu wanne, Karakana ya Sauti, Ngamiani, Tanga, barabara ya kumi na nne, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Ofisi ilinuka grisi. Tulikuwa na meza mbili na feni moja, na nyaraka zetu zote zilikuwa ndani ya kichwa cha rafiki yangu Kaniki. Kaniki akiugua malaria, kampuni nzima inaugua malaria.

Bosi wetu alikuwa Bi Rukia Shemdoe, muuguzi mstaafu wa zahanati ya Muheza. Hakujua kuandika hata mstari mmoja wa programu, na alitushinda wote. Siku ya kwanza tulipomwonyesha Jirani wetu, alijifanya mgonjwa, akajiinamisha.

"Habari za asubuhi, mama?" Jirani akauliza.

"Nzuri," akajibu Bi Rukia.

Tik, Jirani akafunga mazungumzo. Sisi tukapiga makofi. Bi Rukia akatutazama hivi, kama tumekojoa darasani.

"Mmeniua," akasema.

"Bi Rukia, si umesema nzuri?"

"Nyie watoto mmelelewa na nani? Mtu akiulizwa habari atasema nini, mbaya? Atakuwa hana adabu! Mimi nimepokea wagonjwa miaka thelathini na mbili. Mwanamke anaingia na uchungu, mtoto kashatoa kichwa, namwuliza habari za nyumbani, ananiambia nzuri. Halafu unanyamaza. Unamwangalia. Ndipo anasema, nzuri, *ila*... Ugonjwa wote uko baada ya ila."

Tukapima. Kaniki akazunguka Ngamiani siku nne na saa ya kuhesabia, anawaamkia wazee mpaka wakaanza kumkimbia. Mtu mzima mwenye shida huchukua mpaka sekunde tisa kutoka kwenye nzuri kufika kwenye ila. Nikaandika kile kipande cha programu. Mistari kumi na moja. Nikakiita *ila*. Kazi yake ilikuwa kukaa kimya tu, na ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya maishani.

Nisijisifu sana. Karakana hiyohiyo niliwahi kuivuruga. Nilibadilisha kitu kwa ajili ya wagonjwa wa Pangani bila kumwambia mtu, nikakosea neno moja, Jirani akawa anachukua "bado" kuwa ni "ndiyo". Umekunywa dawa, mama? Bado. Ahsante, siku njema. Siku mbili hivyo. Bibi mmoja akalazwa.

Bi Rukia hakunigombeza. Alinipa karatasi yenye majina arobaini na moja. "Nenda ukapige hodi," akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Karakana: ukiharibu, unakwenda mwenyewe mlangoni, unasema jina lako, unasema ulichofanya, unasema poleni. Nyumba ya saba walinimwagia maji ya vyombo. Ya kumi na tisa walinipa wali na maharage, na hiyo iliniuma zaidi. Tangu siku ile sijawahi kukosea neno "bado".

Halafu Mhimili Anga wakatununua. Walichukua Jirani, meza, feni na sisi. Nyuma ya sikio wakatupachika kifuli, kidude kama punje ya mchele. Ukiwa kazini hukisikii. Siku ukiondoka, kinafunga kila ulichojua kwa ajili ya kazi, kwa sababu eti ni mali ya kampuni. Karakana nayo ilinunuliwa pamoja na kumbukumbu zake. Kaniki aliacha kazi mwezi wa pili. Nilikutana naye stendi, akanisalimia vizuri sana, akaniuliza mimi ni mwenyeji wa wapi.

*

Sasa, nani aliiondoa *ila*?

Ghorofa ya chini, karibu na lifti, kuna kabati la kioo, na ndani yake kuna Tuzo ya Wepesi. Kikundi cha vijana wa ghorofa ya kumi na sita waligundua kwamba Jirani anakaa bure sekunde saba zaidi katika kila nyumba, kila asubuhi. Wakaziondoa. Wakapigwa picha wanaruka juu.

Baada ya kikao nikatafuta idhini ya badiliko hilo. Ilikuwa namba mia moja na nne katika orodha ya mabadiliko mia mbili na kumi na mbili: *Kuondoa ukimya usio na kazi.* Chini yake kulikuwa na majina ya waliothibitisha kuwa wamesoma. La tatu kutoka juu lilikuwa Mbelwa Singano.

Mimi. Nilibonyeza "Nimesoma". Sikusoma. Ilikuwa Ijumaa, zilikuwa mia mbili na kumi na mbili, na sikujua kwamba huku juu mtoto wangu anaitwa ukimya usio na kazi.

Nilikaa chooni nusu saa nikiwa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda, kwa sababu kila ilipogeuka ilinikuta mimi.

Kisha nikaenda kwa msimamizi wangu, Eligiva Mrutu, mwanamke wa Same, mkavu, meza yake safi kama chumba cha upasuaji.

"Fomu ya mabadiliko ipo," akasema. "Kamati saba. Ukiwa na bahati, siku tisini."

"Siku tisini kurudisha mistari kumi na moja?"

"Mistari kumi na moja ndani ya kuta laki sita."

"Dada Eligiva, leo asubuhi watu laki sita wameulizwa habari. Unadhani wangapi wamekatiwa?"

"Unadhani mimi ni jiwe?"

"Jiwe lina maegesho yake ya gari?"

Karibu acheke. Kisha akasema neno moja tu: "Pangani."

Nikanywea.

"Nimesoma faili lako, Mbelwa. Mimi husoma." Hiyo ilinipata vizuri. "Ulikuwa na uhakika siku ile, siyo? Nyumba arobaini na moja. Humu tupo watu elfu arobaini, na kila mmoja ana kitu chake anachokiamini. Nikikuacha wewe upenyeze chako kwa sababu una haki, kesho atapenyeza mwingine mwenye uhakika kama wako na akili pungufu. Huyo hataua mmoja."

"Na siku tisini zitaua wangapi?"

"Sijui." Akaisogeza kalamu yake. "Na jingine. Mtu akishasema nzuri anajua ameagana na Jirani. Anamgeukia mkewe, anatukana, anaomba dua. Wewe bado upo ukutani unasikiliza. Mliwahi kuwauliza wenye nyumba kama wanataka?"

Hatukuwahi. Watu wanne werevu juu ya duka la baiskeli, na hatukuwahi.

"Kuna njia nyingine ya kuingia," nikaanza. "Ya zamani, ya..."

"Usiniambie kitu nitakacholazimika kukiripoti," akasema, akainamia kompyuta yake. Nilikuwa nimefika mlangoni aliposema bila kuinua kichwa, "Baba yangu anaye Jirani."

*

Njia hiyo ipo kweli. Kila Jirani ana mlango wa uani. Fundi wa Karakana akisema hodi kwa sauti yake mwenyewe, unafunguka. Mhimili Anga hawakuufunga kwa sababu haumo katika nyaraka zozote. Ulikuwa kichwani kwa Kaniki, na kichwa cha Kaniki walikifunga wenyewe. Jamani, kuna raha zake.

Saa tisa alasiri nikampigia Bi Rukia. Yuko Tanga, peke yake, na moyo wake una tatizo tangu mwaka juzi. Ukutani kwake yupo Jirani.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba, Mbelwa. Dodoma hamjambo?"

"Hatujambo. Habari za huko?"

"Nzuri, baba."

Nikanyamaza. Moja. Mbili. Tatu. Nilisikia redio yake kwa mbali. Nne. Tano. Mtu anauza dagaa mtaani. Sita. Saba.

"Ila hii miguu," akasema Bi Rukia. "Imevimba kidogo tu. Viatu haviingii. Na nikilala chali nakosa pumzi."

"Umemwambia Jirani?"

"Siku hizi Jirani wenu ana haraka. Nikidhani ananisikiliza, kashaondoka."

Yule aliyenifundisha kusubiri, naye anakatiwa. Nikamweleza yote: Korogwe, kabati la kioo, na kubonyeza kwangu. Kisha nikamwambia nilichopanga. "Naweza kurekebisha wa kwako tu. Dakika moja. Hakuna atakayejua. Halafu hao wengine nijaze fomu."

Kimya. Huyu mama akinyamaza unasikia mpaka ulivyokosea darasa la tatu.

"Kwa hiyo mimi nipone kwa kujuana," akasema.

"Bi Rukia, nikigusa wote wataona. Watanifungia kifuli. Nitasahau Karakana. Nitasahau..." Nilitaka kusema *nitakusahau*, nikashindwa.

"Nimekuelewa. Sikuamrishi, kichwa ni chako." Akapumua, na sasa nilisikia jinsi anavyopumua. "Mimi leo nakwenda hospitali ya Bombo wanitazame, usinifanye kisingizio. Lakini ukiingia nyumba za watu kimyakimya, hata kwa heri, utakuwa mwizi aliyeingia kufagia. Kwetu ukiharibu unafanyaje?"

"Napiga hodi."

"Haya. Na uanzie Korogwe."

Nikampigia binti wa Mzee Hizza, anaitwa Mwanjaa. Nilisema jina langu, nikasema nilichofanya, nikasema poleni. Alinitukana dakika tatu bila kurudia tusi, na mimi najua matusi. Alipochoka nikamwuliza kama naweza kulitaja jina la baba yake mbele ya watu.

"Huko kwenu wanamwitaje?" akauliza.

"Tukio namba themanini na nane."

Akalia kidogo. "Taja," akasema. "Lote. Hizza Mgaza, fundi cherehani."

*

Kesho yake saa mbili asubuhi nilikaa mezani kwangu, watu wakipita na chai zao, nikasogeza mdomo kwenye kipaza sauti na kusema, "Hodi." Kuta laki sita zikafunguka. Nikarudisha mistari yangu kumi na moja, kila neno nimelisoma mara nne. Juu yake niliandika jina langu, la ukoo na la babu. Halafu Jirani akazungumza katika kila nyumba kwa sauti yangu mimi, hii yenye mafua:

"Hodi wenyewe. Naitwa Mbelwa Singano, fundi. Nilithibitisha kwamba nimesoma badiliko ambalo sikulisoma, na tangu hapo Jirani amekuwa akiwakatia maneno. Mzee Hizza Mgaza wa Korogwe, fundi cherehani, alikatiwa akiwa anaomba msaada, akafa. Poleni. Nisameheni. Kuanzia sasa mkishasema nzuri, Jirani atasubiri sekunde tisa, anawasikiliza. Asiyetaka asikilizwe aseme *basi*, naye ataondoka palepale na hatasubiri tena. Habari za asubuhi?"

Mimi nilihesabu. Sikuwa na kingine cha kufanya.

Kwenye sekunde ya nne kioo changu kikaanza kujaa. Nzuri, ila kifua. Nzuri, ila sijala tangu juzi. Nzuri, ila dawa zimenishinda nazitupa, msimwambie mwanangu. Nzuri, ila mguu unanuka. Nzuri ila, nzuri ila, nzuri ila, mpaka maandishi yakawa yanapanda kwa kasi ambayo jicho haliwezi kushika. Kunguru wakaanza kuruka kutoka kila wilaya. Watu elfu tatu na ushee wakasema basi, na Jirani akaondoka bila kinyongo. Mama mmoja wa Handeni alisema basi na akaongeza matusi kuhusu mafua yangu na ukoo wangu, nimemsamehe.

Katikati ya hayo yote nikaona moja kutoka Same: *Nzuri, ila mkono wa kushoto umekufa ganzi.* Nikainua kichwa. Eligiva alikuwa amesimama nyuma yangu, anasoma.

Hakusema kitu mpaka muuguzi alipothibitisha amefika. Kisha akavuta kiti.

"Jina lako liko juu," akasema.

"Ndiyo."

"Nimeripoti. Ilibidi."

"Najua, dada."

"Ningeripoti hata kama..." Akakata. Nikamsubiri. Nilimpa zote tisa, na hakusema ila, lakini alibaki ameketi.

Saa sita mchana kamati zote saba zilikaa kikao kimoja cha dharura. Dakika arobaini. Zikaamua kimya kibaki, kwa sababu sasa laki sita wanakijua, na kukiondoa kungeonekana vibaya. Wamekiita Usikivu Ulioboreshwa. Siku tisini, jamaa zangu! Siku tisini ziliingia ndani ya dakika arobaini na chai ikabaki! Kwa hiyo iliwezekana. Ingewezekana Mzee Hizza akiwa anashona. Nenda kaangalie, huenda kabati la kioo lishapata tuzo ya pili.

Wiki mbili zimepita, na kifuli changu kinafungwa leo saa tisa. Wamenipa chumba chenye dirisha, na sambusa mbili. Naandika haya kwa kalamu, nyuma ya fomu za mabadiliko, ambazo hatimaye zimepata kazi. Eligiva ndiye aliyeniletea. Amesema atazisahau mfukoni mwa koti langu.

Kwa hiyo wewe unayesoma, yaani mimi wa jioni, sikiliza. Getini utamkuta mama mmoja mnene, kaja na treni kutoka Tanga. Madaktari wa Bombo wamemruhusu, miguu imenywea, viatu vinaingia. Hutamjua. Utamwamkia kama unavyomwamkia mama yeyote, atakuuliza habari, nawe kwa adabu yako utasema nzuri.

Usiondoke. Yeye ataendelea kusimama. Anajua kuhesabu mpaka tisa.